Tumehama Goodison na viti vimeongezeka. Je, kelele zetu tumehama nazo?

Bluu_wa_Zamani

Wakuu, heshima kwenu. Najua Waevertoni hapa ni wachache na wengi wenu ni wa Arsenal, Liverpool na Man United. Lakini hili linamhusu kila mwenye timu anayoipenda, kwa hiyo karibuni wote, ila naomba tusitaniane.

Mimi nilianza kuishabikia Everton enzi za Yakubu, Yobo na Pienaar. Goodison Park sijawahi kuikanyaga. Lakini ukiutazama uwanja mmoja kwenye runinga msimu baada ya msimu, unafika mahali unaujua hadi pembe zake. Naijua ile kona aliyokuwa akiikimbilia Tim Cahill akishafunga kwa kichwa ili akirushie ngumi kibendera. Nalijua kanisa la St Luke's lililobanana na majukwaa hadi ukashindwa kujua lipi lilimsogelea mwenzake. Nazijua zile nguzo za chuma zilizokuwa zinamziba mtu asilione goli moja, na bado alilipia kiti hicho hicho mwaka baada ya mwaka.

Februari 12, 2025, derby ya mwisho pale dhidi ya majirani zetu Liverpool, dakika ya 98 Tarkowski akaupiga ule mpira ikawa 2-2. Nilipiga ukelele nikaamsha nyumba nzima. Kisha VAR, waamuzi wa video, ikaanza kukagua, na hapo ndipo nilipousikia uwanja ule kwa undani. Watu karibu 40,000 wameshika pumzi, halafu goli likathibitishwa, na sauti iliyotoka hapo siwezi kuieleza. Mei 18 tukaiaga Goodison kwa kuifunga Southampton 2-0, yote mawili ya Iliman Ndiaye.

Agosti 24 tukafungua uwanja mpya kule gatini, Bramley-Moore, kando ya Mto Mersey. Tarehe ile ilinigusa sana, maana Goodison nayo ilifunguliwa Agosti 24, mwaka 1892. Miaka 133 kamili! Tukaifunga Brighton 2-0, la kwanza akafunga Ndiaye yule yule, la pili James Garner, na yote mawili pasi zilitoka kwa Grealish. Pickford akapangua penalti ya Welbeck. Ungemwomba Mungu siku ya kufungua uwanja, ungeomba ipi zaidi ya hiyo?

Sasa linalonisumbua ni hili. Jengo ni zuri mno, sina ubishi. Viti vimetoka 39,000 na ushee hadi karibu 53,000. Lakini mechi ikipoa, yaani wageni wakipigiana pasi zao katikati kwa dakika kumi, nasikia kimya ambacho Goodison sikukizoea. Pale mtu mmoja akichomoa mpira miguuni mwa adui karibu na mstari wa pembeni, jukwaa zima linanyanyuka. Ilikuwa inatosha kuiamsha timu iliyolala. Huku kwenye uwanja mpya nasubiri sauti ile, inakuja imefifia, au haiji.

Nimeyaona ya West Ham. Nimeyaona ya Arsenal miaka ile. Naogopa tusije tukawa klabu yenye jengo linalopigwa picha na watalii huku roho ya klabu tumeiacha Gwladys Street, lile jukwaa la Goodison lililokuwa linaanzisha nyimbo. Majirani zetu Liverpool hawakuhama Anfield, wamepanua majukwaa mpaka wamepita watu 60,000, na ni pale pale. Kwa nini sisi tusingefanya hivyo? Na tukiwa nafasi ya 14 mwezi wa Januari, mvua inanyesha, tunacheza na timu ambayo haina jina, hivyo viti 53,000 nani atavijaza?

Mwenye kujua anieleze. Na kama kuna aliyepitia kuhama uwanja na timu yake, nataka kumsikia zaidi ya wote.

---

NyundoMashariki

Mkuu, mimi ni West Ham, kwa hiyo nimepitia. Nitakwambia ukweli bila kuupaka sukari.

Upton Park, uwanja wetu wa zamani, ilikuwa ya watu 35,000. Ukirusha mpira wa pembeni pale, shabiki anaweza kukugusa bega. Mechi ya mwisho ilikuwa Mei 10, 2016 na Man United, tuko nyuma 2-1, tukasawazisha, kisha Winston Reid akafunga la tatu kwa kichwa. Usiku ule sijapata kuuona mwingine mfano wake. Miezi mitatu baadaye tukawa kwenye uwanja wa Olimpiki ya 2012.

Na hapa ndipo mnapotofautiana na sisi, sikiliza vizuri. Uwanja ule ulijengwa kwa ajili ya wakimbiaji. Hata wakiufunika ule mzunguko wa riadha, umbali kutoka kiti hadi nyasi umebaki pale pale. Nyuma ya goli kuna pengo kati ya jukwaa la chini na la juu ambalo linameza kila kitu. Na uwanja si wetu, tumepanga, mkataba wa miaka 99. Mwezi Machi 2018 Burnley walitufunga 3-0, watu wakaingia uwanjani, wengine wakasimama chini ya wamiliki wakawafokea mpaka wakaondoka kwenye viti vyao. Kocha siku hiyo alikuwa nani? David Moyes. Huyo huyo mliye naye leo. Kwa hiyo benchi lenu lina mtu anayejua uwanja mpya unavyoweza kuigeuka timu.

Lakini nisiwe mchoyo wa ukweli. Machi 2022, Sevilla walikuja na ushindi wao wa 1-0 wa mechi ya kwanza, tukawatoa 2-0 baada ya dakika za nyongeza, Yarmolenko akafunga la pili wakati nchi yake Ukraine imetoka tu kuvamiwa. Usiku ule London Stadium ilitikisika. Mwaka uliofuata tukabeba kombe la Ulaya la Conference League. Kwa hiyo jengo linaweza kupiga kelele. Linachohitaji ni sababu, na sababu yetu ilichelewa miaka sita.

---

FundiSpika

Bluu, ndugu yangu, nimeusoma uzi wako mara mbili kwa sababu umegusa kazi yangu. Mimi ni fundi mitambo ya sauti. Nafunga spika kwenye mikutano, makongamano na matamasha ya nje. Kelele ndiyo mkate wangu, niruhusu niingie kidogo kwenye undani wake, maana watu wengi wanazungumzia "hamasa" ya uwanja utadhani ni upepo wa bahati, wakati sehemu kubwa yake inapimika.

Kwanza, usihukumu kwa runinga. Unachosikia nyumbani si uwanja, ni maikrofoni. Zimepangwa kuzunguka nyasi, nyingine zimeelekezwa kwa mashabiki, na kuna mtu kwenye gari la matangazo anayepandisha hii na kushusha ile. Goodison walishaizoea kwa miaka mingi. Walijua wapi jukwaa linapiga kelele na maikrofoni ikae wapi. Uwanja mpya wanaanza upya. Mimi nikiingia ukumbi nisioujua, matukio ya kwanza nayafanya huku nahangaika na vitufe vya mitambo yangu, baada ya muda ukumbi unanifundisha wenyewe. Huenda nusu ya ukimya unaousikia umetengenezwa na fundi mwenzangu.

Pili, umbali. Sehemu ya wazi, ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo, sauti inashuka kama desibeli 6. Hiyo ndiyo iliyowaumiza West Ham kama alivyoeleza mkuu hapo juu. Ninyi hamna mzunguko wa riadha. Majukwaa yenu yameletwa karibu na mstari, na lile la kusini lina watu 13,000 kwenye mteremko mmoja usiokatwa, mwinuko wake umesukumwa hadi ukingoni mwa kile ambacho kanuni za usalama zinaruhusu, nyuzi 35. Mwinuko mkali una faida mbili. Shabiki wa mstari wa juu anakuwa karibu zaidi na nyasi kuliko angekuwa kwenye jukwaa lililolala, na kifua chake kinaelekea uwanjani juu ya kichwa cha aliye mbele. Jukwaa lililolala, sauti yako inaishia kwenye kisogo cha mwenzako.

Tatu ni paa. Paa likiwa gumu na limeshuka hadi karibu na watu, sauti inagonga inarudi chini. Goodison mapaa yalikuwa ya chini, mbao na bati, uwanja umebanana, ndiyo maana watu wachache walisikika wengi. Paa likiwa juu sana au pembe zikiwa wazi, mnaiimbia mbingu.

Sasa nakuja kwenye kile ambacho hakisemwi, na kwangu ndicho kikubwa. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukichukua watu waliokaa nyuma ya goli hili na waliokaa nyuma ya goli lile, kati yao kuna mita 150 hadi 200. Maana yake wimbo ukianza kusini, unafika kaskazini umechelewa nusu sekunde. Wa kaskazini wakiudaka wanaimba nyuma, wa kusini wakiwasikia wanajisikia wamechelewa wao, mwisho wimbo unasambaratika. Nusu sekunde ni nyingi, muulize mpiga ngoma yeyote. Uwanja ukiwa mdogo, tatizo hili ni dogo na watu wanashikana wenyewe. Uwanja ukiwa mkubwa, lazima pawe na kundi moja zito, sehemu moja, ambalo halimfuati mtu, wengine ndio wanalifuata lenyewe. Dortmund wana jukwaa lao la watu zaidi ya 24,000 waliosimama. Tottenham walipojenga upya, waliweka 17,500 nyuma ya goli moja. Waliochora uwanja wenu walilijua hili, hawakutega bahati.

Kwa hiyo swali si kama jengo linaweza. Swali ni nani amekalishwa kwenye lile jukwaa la kusini. Ukiweka pale watu wa rika zote waliotawanyika, kila mmoja kapata kiti kilichobaki siku ya mauzo, utapata watu 13,000 wanaotazama mpira. Ukiwaweka pamoja wale waliokuwa wanaanzisha nyimbo Gwladys Street, wakae bega kwa bega, jengo litafanya kazi yake.

Na ukitaka ushahidi kwamba ukubwa pekee hauna maana, waangalie Juventus. Walitoka Delle Alpi, uwanja wa watu karibu 69,000 wenye mzunguko wa riadha, ambao hata wenyewe hawakuupenda, wakajenga wa watu 41,000 hivi mwaka 2011. Walipunguza! Wakabeba ubingwa wa Italia mara tisa mfululizo. Sisemi uwanja ndio uliofunga magoli, lakini hakuna mgeni aliyeingia pale akasema pamepoa.

---

DadaBluu

Kaka Bluu, nakuheshimu, na machozi ya Mei 18 tulilia wote. Ila hilo la kupanua kama Anfield nakupinga moja kwa moja.

Goodison ingepanuliwa kuelekea wapi? Upande mmoja nyumba za watu, upande mwingine shule, kona ndiyo hiyo ya kanisa ulilolitaja mwenyewe. Kila ukisogea unavunja mlango wa mtu. Klabu imelihangaikia suala hili zaidi ya miaka 20. Mpango wa kujenga uwanja mpya King's Dock ulikufa 2003 kwa kukosa fedha. Wa Kirkby serikali iliukataa 2009, na mashabiki wengi walifurahi maana ulikuwa unatutoa nje ya jiji. Bramley-Moore imekuja baada ya wengine kukata tamaa kabisa. Tena imekuja kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 700, katika miaka ambayo tulikatwa pointi kwa kuvuka kanuni za hasara, na jiji lenyewe likaondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2021, ujenzi huu ukiwa miongoni mwa sababu. Kila mtu amelipia uwanja huu kwa namna yake.

Halafu hili neno "kubwa mno" linaniudhi. Septemba 18, 1948 Goodison iliingiza watu 78,299 kwenye derby. Sabini na nane elfu! Walikuwa wamesimama, wamebanana. Uwanja ulikuja kupungua taratibu, na baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, msongamano ulipoua mashabiki, na ripoti ya uchunguzi ya Taylor, viti vikawa lazima, ndipo tukabaki na hao 40,000. Kwa hiyo anayesema Everton haina watu wa kujaza 53,000 anaisema vibaya klabu ambayo iliwahi kuwa na zaidi. Miaka ya karibuni hapo Goodison tiketi za msimu zilikuwa na foleni ya watu wanaosubiri, na timu ilikuwa inapigania kutoshuka daraja.

Na tukumbuke tulikotoka. Kabla ya 1892 sisi ndio tuliokuwa Anfield. Ubingwa wetu wa kwanza, wa 1891, tuliuchukua tukiwa pale. Tukagombana na John Houlding kuhusu kodi ya pango, tukavuka Stanley Park tukajenga Goodison, naye akabaki na uwanja usio na timu, akaanzisha Liverpool. Nina hakika mwaka 1892 palikuwa na mzee aliyeiangalia Goodison mpya akasema haina roho. Roho ikaja na Dixie Dean na magoli yake 60 ya msimu wa 1927-28. Ikaja na ile nusu fainali ya 1985 tulipowapiga Bayern 3-1.

Linaloniumiza mimi ni jingine. Kando ya nyasi za Goodison kumezikwa majivu ya mashabiki zaidi ya 800. Familia zilikuwa zinaleta mpaka 2004 klabu ikasema nafasi imekwisha. Dixie Dean mwenyewe alifia pale, jukwaani, akiangalia derby, mwaka 1980. Mpango wa awali ulikuwa kuubomoa uwanja. Fikiria tingatinga lingepita pale. Mwezi Mei 2025 wamiliki wapya, Friedkin, wakatangaza timu ya wanawake ya Everton ndiyo itahamia Goodison, na hapo ndipo nilipopumua. Upton Park ilivunjwa, Highbury ya Arsenal yamekuwa makazi ya watu. Yetu bado inachezwa mpira, Gwladys Street bado kuna watu wanaoimba, na wanaocheza ni dada zetu. Wengi mnaolilia Goodison hamjaangalia hata mechi moja ya timu ile. Anzeni hapo.

---

Mbunduki49

Mimi ni Arsenal, nimetajwa, acha nijibu kwa kifupi.

Highbury ilikuwa ya 38,000, Emirates tukaingia 2006 tukawa 60,000. Kilichotuua hakikuwa paa. Yalikuwa madeni. Uwanja uligharimu pauni milioni 390, na wakati tunaulipa, Henry akaondoka, wakafuata Fàbregas na Nasri mwaka mmoja, kisha Van Persie akaenda kwa wapinzani. Ukimuuzia shabiki tiketi ghali huku unamuuza nahodha wake, usitegemee aimbe. Kombe la kwanza tangu tuhame tulilipata 2014.

Kilichobadilika? Timu yenye wachezaji vijana ya kocha Arteta, halafu lile kundi la Ashburton Army kupewa nafasi ya kukaa pamoja nyuma ya goli, wamevaa nyeusi, wanaimba mechi nzima hata tukifungwa. Na wimbo wetu wa kabla ya mechi ulioingia 2022. Hakuna hata tofali moja lililohamishwa. Watu wanakaa viti vile vile na uwanja si ule wa 2012. FundiSpika yuko sahihi kabisa.

---

Bluu_wa_Zamani

Nimewasoma wote, asanteni sana, hasa Fundi. Hilo la nusu sekunde sikuwahi kulisikia popote, na sasa nikiangalia mechi nalisikia kweli: upande mmoja unamaliza mstari, wa pili bado uko nao.

DadaBluu, la timu ya wanawake nimelipokea.

Ila kuna kitu nimekifikiria tangu jana na nataka nikiweke hapa, maana naona sote tumekikwepa. Nimejaribu kukumbuka usiku ambao Goodison ilipiga kelele kuliko zote katika miaka hii ya karibuni. Mei 19, 2022, Crystal Palace wametuongoza 2-0 mpaka mapumziko, tukarudi 3-2, Calvert-Lewin kwa kichwa, watu wakajaa uwanjani. Mei 28, 2023, siku ya mwisho ya msimu, Doucouré akaachia shuti lile dhidi ya Bournemouth, 1-0, tukabaki Ligi Kuu. Ukitazama zote mbili, zilikuwa kelele za hofu. Watu walikuwa wanaogopa kushuka daraja, wanapiga kelele ili wasilie. Miaka ile mitatu minne tuliimba kwa sababu tulikuwa tunazama.

Sasa timu ina Ndiaye anayechukua mpira na kuwachezesha watu, ina Gueye anayekaba bila kuchoka, ina Moyes aliyerudi Januari 2025 akatutoa kwenye shimo. Hatuogopi tena kama zamani. Inawezekana ukimya ninaousikia ni wa watu ambao kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wamekaa wakiwa na amani, na bado hatujajifunza kupiga kelele za furaha. Hizo zina sauti nyingine. Hatukuwa nazo tangu siku za Cahill.

Na bado siachii wasiwasi wangu wote. Wasiwasi wangu wa sasa umehama kutoka kwenye jengo, umeenda kwa wenye jengo. Uwanja mpya una viti vya VIP vingi kuliko Goodison ilivyowahi kuwa navyo, na hiyo ndiyo fedha ambayo klabu ilikuwa inaikosa, naelewa. Lakini kila msimu mtu wa mahesabu atakuwa anaangalia lile jukwaa la kusini na kujiuliza angepata kiasi gani kama angepandisha bei kidogo tu. Kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao. Hapo ndipo kijana wa miaka 17 anapotoka na anaingia mtu anayekuja mara moja kwa mwaka kupiga picha. Sisi tulio mbali tunaweza kusema hatuathiriki, sisi tuna runinga. Tunaathirika. Kelele za yule kijana ndizo zilizonifanya mimi niwe Everton.

---

FundiSpika

Hapo kwenye kijana wa miaka 17 umenigusa, mkuu. Nyongeza moja ya kiufundi: tangu 2022 sheria ya Uingereza imeruhusu tena kusimama kwenye maeneo maalumu yenye vyuma vya kushikilia, kila mtu na nafasi yake. Mtu aliyesimama anaimba kwa pumzi kamili, aliyekaa kifua kimekunjwa. Ukitaka kujua klabu inajali sauti au inajali mapato, angalia maeneo hayo yanaongezwa au yanapunguzwa, na yanauzwa kwa nani.

---

NyundoMashariki

Na mimi niongeze moja kisha nikalale. Coventry walihama Highfield Road mwaka 2005 baada ya miaka zaidi ya 100, wakaingia uwanja mpya ambao haukuwa wao. Ugomvi wa pango ukawapeleka kuchezea Northampton, baadaye Birmingham, kwenye jiji la watu wengine kabisa. Darlington walijengewa uwanja wa viti 25,000 mwaka 2003 wakati wanaokuja ni elfu chache, klabu ikafilisika. Sisi London Stadium tunalipa pango mpaka leo. Bluu, wewe uwanja ni wa klabu yako. Hilo sisi tungelitoa chochote tulipate.

Mkipata usiku wenu wa Ulaya pale kando ya mto, mpinzani mkubwa, mko nyuma kwa goli moja, nitaangalia mechi hiyo hata kama yetu inachezwa saa ile ile.

---

DadaBluu

Usiku huo ukifika, Nyundo, utakaribishwa. Na kaka Bluu, timu ya wanawake wakicheza tena nyumbani nitakukumbusha hapa hapa. Ukifungua runinga utaiona Goodison, kona ya Cahill na nguzo zile zile.